Kabla hujachora chochote: mwongozo wa dizaina anayejitegemea asizungushwe

Haya twende. Huu mwongozo ni wa mtu ambaye kuchora au kudizaini anajua tayari, iwe nembo, mabango, vielelezo vya vitabu, picha za mkono, chochote kile, na saivi anataka kuanza kula kwa hiyo kazi bila kuajiriwa na mtu. Photoshop sitakufundisha, video za hayo zimejaa mtandaoni. Nitaongelea yale ya katikati, kuanzia mteja anavyokwambia "mambo, kuna kakazi hapa" mpaka hela inaingia, maana karibu kila mahali nilipowahi kushikwa pabaya kosa halikuwa kwenye mchoro, lilikuwa kwenye maneno ambayo siku ya kwanza niliona aibu kuyasema.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nembo yangu ya kwanza ya kulipwa, mteja nilimpata kupitia mtu tunayejuana, tukaongea kwa voisi noti, bei tukaitaja juujuu, akasema "we anza tu, hela sio tatizo". Nikaanza. Toleo la kwanza akalipenda sana, akatuma vimoji vya makofi. Kesho yake mwenzake wa biashara anaona ile kijani imepoa, nikabadilisha. Keshokutwa akatokea shemeji "anayejua mambo ya matangazo", anataka herufi ziwe nene, nikanenepesha. Nilifika toleo la 14, faili lenyewe linaitwa nembo_mwisho_kweli_HII, na siku niliyouliza hela nikajibiwa "mwenzangu kasema tungoje kwanza, huenda tukabadilisha jina la biashara". Mpaka leo tunangoja.

Hatua ya 1: Amua unauza nini

Hii fupi. Ukisema unafanya kila kitu mtu hajui akuite kwa lipi. Chagua vitu viwili au vitatu unavyoviweza na ambavyo hukasiriki ukivifanya saa 6 usiku, vitangaze hivyo, vingine vikija utapokea ukitaka. Mtu akikutaja mbele ya wenzake aweze kusema "kuna jamaa anachora vitabu vya watoto" na sio "kuna jamaa yuko kwenye mambo ya kompyuta".

Hatua ya 2: Potifolio

Potifolio ni ule mkusanyiko wa kazi zako unaomwonyesha mteja. Kazi 8 mpaka 12 zinatosha kabisa. Watu wanamwaga picha 60 humo, mteja anaangalia tano, na bahati mbaya hizo tano zina ile mbaya ya mwaka wa kwanza. Weka kazi za aina unayotaka kuitwa tena, ukijaza vipeperushi vya sherehe utaitwa kwa vipeperushi vya sherehe maisha yako yote.

Huna mteja bado? Jipe kazi mwenyewe. Tunga biashara ambayo haipo, iandikie mahitaji, itengenezee nembo, mfuko, bango, afu useme wazi pembeni kwamba hii ni kazi ya kujifunzia. Hakuna aibu hapo, aibu ni kuweka kazi ya mwenzako ukasema yako, maana hii dunia ya madizaina ni ndogo na picha inatafutwa kwa sekunde mbili. Na chini ya kila kazi andika mistari miwili mitatu: tatizo lilikuwa nini, na kwa nini ulichagua ulichochagua. Mteja mwenye hela anasoma hiyo kuliko anavyoangalia rangi.

Hatua ya 3: Jua bei yako kabla hujaulizwa

Hapa tukae kidogo maana ndo watu wengi wanapokufa. Mtu anauliza "sh'ngapi?" na we unaanza kuangalia sura yake, nguo zake, anaongeaje, afu unatupa namba. Hiyo sio bei, hiyo ni bahati nasibu.

Fanya hivi. Chukua hela unayohitaji kuishi mwezi mmoja, hela ya nchi yako yoyote ile, tuseme ni 1,000 ili hesabu iwe rahisi. Ongeza gharama za kazi yenyewe, intaneti, umeme, programu, na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikichoka (itachoka), tuseme 200. Jumla 1,200 kwa mwezi, mara 12 ni 14,400 kwa mwaka. Sasa kuna kodi, kuna kuumwa, kuna miezi mikavu ambayo simu hailii kabisa, hivyo toa asilimia 30 kwa ajili ya hayo, maana yake 14,400 iwe ni asilimia 70 tu ya unachoingiza, gawa kwa 0.7 unapata kama 20,570.

Saa je? Hapa ndo watu wanajidanganya. Wanasema saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hapana bana. Ukitoa kujibu meseji, kutafuta wateja, kuandika ankara, kufukuzia madeni na kukaa unaangalia ukuta, saa ambazo kuna mtu anazilipia ni kama 20 kwa wiki ukiwa umejitahidi. Toa na wiki 6 za kupumzika na kuumwa, zinabaki wiki 46, mara 20 ni saa 920. Gawa 20,570 kwa 920 unapata kama 22 na kitu kwa saa. Yule aliyegawa 1,000 yake kwa saa 160 za mwezi akapata 6 na robo anajiona yuko sawa, kumbe anafanya kazi kwa bei ambayo ni chini ya theluthi ya anachohitaji, afu anashangaa mbona anapata wateja wengi na bado anakopa.

Ila hiyo bei ya saa ni siri yako, usimtajie mteja. Itumie kupigia hesabu ya kazi nzima: naona hii kazi ni saa 10, ni 220 na kitu, ongeza kama asilimia 20 ya yale nisiyoyaona, nataja 270 kwa kazi yote. Sababu ni kwamba kadri unavyozidi kuwa mkali unamaliza haraka, sasa ukilipwa kwa saa unaadhibiwa kwa kuwa mkali.

Afu kuna kitu kingine nje ya saa, nacho ni kazi itatumika wapi. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Portland State University huko Marekani anaitwa Carolyn Davidson alichora ile alama ya Nike, akalipwa kwa saa, dola 2 kwa saa, saa 17 na nusu, jumla dola 35. Walikuja kumpa hisa za kampuni mwaka 1983, roho zao nzuri, ila usiishi kwa kutegemea roho nzuri ya mtu ya miaka 12 mbele. Mchoro wa kuweka kwenye mlango wa duka moja na mchoro huohuo kwenye mifuko laki moja inayoenda nchi tano hauwezi kuwa bei moja hata kama umetumia saa zilezile.

Na wale wa "fanya bure tutakutangaza"? Sisemi usifanye kamwe, kuna wakati mtu unaamua mwenyewe kumsaidia ndugu au jambo unaloliamini. Ukiamua, andika ankara yenye bei kamili, afu chini yake punguzo asilimia 100, jumla sifuri. Anayeipokea anajua kapewa nini, na yule anayemwambia habari zako hamwambii kwamba wewe ni wa bure.

Hatua ya 4: Uliza maswali, usione aibu

Kabla ya kutaja bei kaa na mteja dakika 20, simu au ana kwa ana. Kazi ni ya nini hasa, nani ataiona, itatokea wapi, kwenye simu, kwenye karatasi, kwenye fulana, kwenye gari? Inahitajika lini na kwa nini siku hiyo? Kuna vitu gani tayari, rangi, picha, maneno? Nani anaandika hayo maneno, maana we sio mwandishi wake, na nusu ya kuchelewa kote kunatokana na "maneno nakutumia jioni".

Afu swali langu nilipendalo, lile la toleo la 14: "Nani anasema sawa ya mwisho?" Ukisikia "mimi na mwenzangu", mwambie mwenzake naye awepo kwenye maongezi leo, sio siku ya kukabidhi. Ukisikia "tutaonyesha kamati", ongeza bei. Sitanii.

Na uliza bajeti. Wengi wanakwepa, wanasema "we taja tu". Taja viwango viwili, "kazi kama hizi kwangu zinaanzia hapa mpaka hapa, wewe uko upande gani?" Usoni au kwenye sauti utajua.

Hatua ya 5: Andika, afu pokea nusu

Mkataba sio lazima uwe kurasa 12 zenye lugha ya mahakamani. Kwa kazi ndogo meseji moja iliyoandikwa vizuri na jibu la "nimekubali" inakubeba mbali sana kuliko voisi noti. Kazi kubwa tafuta mwanasheria aipitie. Mimi natumaga kitu kama hiki:

*"Habari za leo. Kama tulivyoongea, nitakutengenezea nembo 1. Kwanza utaona mawazo 3 ya penseli, utachagua 1, nalo litarekebishwa mara 2 bila kuongeza hela. Marekebisho ya tatu na kuendelea yana malipo yake, nitakutajia kabla sijayafanya. Bei ya kazi yote ni ____. Nusu inalipwa kabla sijaanza, nusu nyingine kabla sijatuma faili za mwisho. Mawazo ya kwanza utayaona ndani ya siku 7 za kazi tangu nipokee nusu ya kwanza. Kazi ikisitishwa katikati, nusu ya kwanza hairudi. Nikikaa siku 30 bila jibu lako nitaifunga, tukitaka kuendelea tutapanga upya. Anayepitisha kazi kwa upande wako ni wewe. Kama uko sawa nijibu 'nimekubali' pamoja na malipo ya kwanza."*

Iangalie hiyo namba ya marekebisho. Usiandike "marekebisho mpaka uridhike", kuna watu hawajawahi kuridhika tangu wazaliwe. Na eleza marekebisho ni nini: kubadilisha rangi ni marekebisho, kubadilisha wazo zima au jina la biashara ni kazi mpya.

Nusu ya kwanza isipoingia, usifungue programu. Hata kama anaharaka, hasa kama anaharaka. Mteja wa kweli halalamiki sana kwa hilo, anayelalamika saa nzima kuhusu advansi fikiria atakavyokuwa kwenye ile nusu ya pili.

Hapohapo jihadhari na matapeli, wapo wanaotulenga sisi madizaina kabisa. Yule anayekulipa zaidi ya mlichokubaliana "kwa bahati mbaya", afu anaomba iliyozidi umtumie mtu wa uchapaji, malipo yake ya kwanza yatakuja kurudishwa na benki na zako zimeshaenda. Mwingine anatuma faili la zipu "mifano ya ninachotaka", ndani kuna kitu kinaishia na .exe au .scr, hiyo sio picha, usibonyeze.

Hatua ya 6: Onyesha mapema, onyesha kidogo

Usijifungie wiki mbili ukatoka na kitu kimekamilika na kivuli na mng'ao. Anza na penseli au rangi nyeusi tu. Mteja akiona rangi ataongelea rangi, ataacha kuongelea umbo. Mawazo matatu yanatosha, na usiweke hata moja ambalo hulipendi kwa kujaza nafasi, maana atalichagua hilohilo, sijui kwa nini ila inatokea kila mara.

Unapoonyesha, usiulize "umeonaje?" Hilo swali linamfanya mtu atafute kasoro ili aonekane ameangalia. Uliza "kati ya haya, lipi mteja wako atalikumbuka akipita haraka?" au "kuna kitu hapa kinasema uongo kuhusu biashara yako?" Na ukimtumia picha za kuangalia zitume ndogo, za ubora wa chini, na jina lako likipita juu kwa kufifia, mpaka hela yote ilipwe.

Akisema "ipige jazba kidogo", usiende kuhangaika kichwani. Muulize akutumie vitu vitatu anavyoviona vina jazba. Utagundua alikuwa anamaanisha herufi kubwa.

Hatua ya 7: Faili, hapa usifanye mzaha

Nilishapeleka vipeperushi 500 kuchapishwa, kwenye skrini bluu tamu kama bahari, vikarudi zambarau. Mtu wa kiwandani wala hakuwa na kosa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu kijani na bluu, yaani RGB, na mashine ya kuchapa inatumia wino nne, sayani (bluu ya anga), magenta (pinki iliyokolea), njano na nyeusi, yaani CMYK, na kuna rangi za mwanga ambazo wino hauzifikii hata ukiupigia magoti. Bluu ndo mkorofi kuliko wote: ukiacha ile magenta ikaribiane na sayani unapata zambarau, mimi siku hizi naiacha magenta chini ya sayani kwa kama asilimia 30. Vile 500 nilivirudia kwa hela yangu, ndo ada ya shule hiyo.

Kazi ya kuchapisha basi: weka CMYK tangu mwanzo, picha ziwe 300 DPI, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwenye ukubwa wake halisi. A4 ni milimita 210 kwa 297, ukiiweka 300 DPI ni pikseli 2480 kwa 3508, sasa mteja akikutumia picha ya pikseli 600 aliyoichukua kwa skrinishoti unaona mwenyewe. Ongeza milimita 3 kila upande wa ukurasa, ule ukingo wa kukatwa, watu wa uchapaji wanauita blidi, rangi ya nyuma ifike mpaka huko na maneno yasikaribie kabisa. Kadi ya milimita 85 kwa 55 basi faili lako linakuwa 91 kwa 61. Maneno madogo meusi yawe nyeusi peke yake asilimia 100, usichanganye wino nne kwenye herufi ndogo, mashine ikicheza hata nywele moja herufi zinakuwa na mzimu. Geuza herufi ziwe maumbo kabla ya kutuma, au wekea fonti (ule mtindo wa herufi) ndani ya PDF, vinginevyo kule kwenye kompyuta yao nembo yako itatokea na fonti ya barua za ofisi. Na omba chapa moja ya majaribio. Moja tu, kabla ya zote.

Nembo ichore kwa vekta, yaani mistari inayopigwa kwa hesabu badala ya pikseli, kwenye Illustrator au Inkscape kama hela ya programu haijapatikana, Inkscape ni bure na inafanya kazi ya kweli, kama ilivyo Krita kwa wanaochora. Vekta unaivuta kutoka kadi mpaka ukuta wa jengo haichakai. Unachokabidhi mwisho: PDF au SVG ya vekta, PNG yenye nyuma wazi, toleo la rangi, la nyeusi tupu na la nyeupe tupu, na karatasi moja yenye namba za rangi na majina ya fonti. Tuma kama dokumenti au kwa linki, ukituma WhatsApp kama picha inakamuliwa na mteja atakwambia nembo yako ina ukungu.

Fonti nazo zina leseni, "nimeikuta mtandaoni" sio leseni. Zile zenye SIL Open Font License, leseni ya fonti huria, unatumia hata kwa biashara bila wasiwasi, nyingi za Google Fonts ziko hivyo.

Na tunza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba au mtandaoni. Laptopu huwa inakufa siku moja kabla ya dedilaini.

Hatua ya 8: Haki ya mchoro ni ya nani?

Kwa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimo, kazi yako inalindwa kuanzia unapoichora, bila kujisajili popote, na ulinzi kwa uchache ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Mtu kulipia mchoro sio lazima awe amenunua haki zote, kuna kumruhusu kutumia na kuna kumuuzia moja kwa moja, ni vitu viwili na bei mbili. Nembo kwa kawaida unauza zote, atafanya nini nayo kama sio yake? Kielelezo cha kitabu unaweza kuruhusu toleo hili la kitabu, lugha hii, miaka 5 na basi. Ila liandikwe kwenye ile meseji ya hatua ya 5, na uandike kwamba ruhusa inaanza siku malipo yanapokamilika. Andika na kwamba utaionyesha kwenye potifolio yako. Kama umeajiriwa mahali soma kwanza mkataba wako wa ajira, nchi nyingi kazi ya mwajiriwa inahesabiwa kivingine.

Hatua ya 9: Hela ya pili

Ankara iwe na namba, tarehe, kazi ilikuwa nini, kiasi kilicholipwa, kilichobaki, siku ya mwisho ya kulipa na njia ya kulipia. "Tutalipana tu" sio tarehe. Siku ikipita, kesho yake asubuhi, bila hasira:

*"Habari za asubuhi. Nakukumbusha ankara namba 7, siku yake ilikuwa jana. Faili za mwisho ziko tayari, nazituma dakika hiyohiyo malipo yakiingia. Kuna kitu chochote kinachokwamisha upande wako?"*

Hilo swali la mwisho usiliache, mara nyingine kweli kuna kitu, mhasibu kasafiri, namba ya akaunti umekosea wewe mwenyewe (imenitokea, nilimnunia mtu wiki nzima kumbe nilikosea tarakimu moja). Asipojibu rudia baada ya siku 7, afu piga simu, afu andika barua rasmi yenye ile "nimekubali" yake imeambatishwa. Usiende kumwanika mtandaoni, utapata likes na hela hutapata, na wateja wengine wanasoma. Kwa kuwa faili za mwisho bado ziko kwako na nusu ya kwanza ulishaila, unaweza kusubiri ukiwa umekaa.

Akilipa, mjibu palepale kwamba imefika, tuma faili, afu baada ya kama mwezi mtumie meseji moja ya kumuuliza mabango yalitokaje.